Pampu ya kisima ni ya HP ngapi? Kiulize kisima kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu waliomaliza kuchimba kisima ni hili, "nina kisima cha mita 90, ninunue pampu ya HP ngapi?" (HP ni kipimo cha nguvu ya mota) na kila mara inabidi nimjibu mtu kwa maswali mengine, maana mita 90 peke yake haisemi kitu. Ni kama umwambie fundi cherehani una miaka 40 alafu utegemee akushonee suruali ikukae. Urefu wa kisima ni umri tu, vipimo bado hujatoa.

Nianze na kisa cha nyumbani. Bamdogo wangu alistaafu akajenga Nala, nje kidogo ya Dodoma mjini, akachimba kisima. Wachimbaji walishuka mita 90, wakaweka kesingi, yaani bomba la kushikilia kuta za kisima, ya inchi tano, wakapuliza kwa kompresa maji yakaruka juu, mama mdogo akapiga vigelegele, kila mtu akatoa simu kupiga picha. Kesho yake bamdogo akaenda dukani, muuzaji akamuuliza kitu kimoja tu, "mzee kisima chako urefu gani?" akasema 90, akapewa pampu ya HP 3 na kuambiwa hii hata mita 150 inapandisha. Fundi akaifunga na mabomba 12 ya mita sita sita, kwahiyo ikaning'inia mita 72. Siku ya kwanza maji yalitoka kwa nguvu yakamwagika hadi barabarani, baada ya dakika kama kumi bomba likaanza kukohoa, yakaja maji meupe yenye hewa kama maziwa yaliyotikiswa, alafu tope jekundu, alafu hakuna kitu, mota tu inaunguruma huko chini. Wakazima, wakasubiri nusu saa, wakawasha, hadithi ileile. Wakaendelea hivyo hivyo kwa wiki tano, kila siku kuwasha na kuzima, mpaka mota ikaungua.

Nilikuwepo siku ya kuivuta. Mabomba 12 ya chuma yamejaa maji, kamba, watu watano na mchana mzima. Ilipofika juu ilinuka plastiki iliyoungua, na tulipoifungua zile feni ndogo za ndani zinazosukuma maji zilikuwa zimelika kingo na mchanga mpaka zimebaki nyembamba kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Pampu ilikuwa nzima kabisa siku inatoka dukani, tatizo lilikuwa ni kwamba haikuwa ya kisima kile.

Sasa tuifungue hii hesabu polepole maana sio ngumu, na ukishaielewa hakuna muuzaji atakayekupa pampu kwa kukadiria.

Pampu inachaguliwa kwa namba mbili, maji mangapi kwa saa na kuyainua mita ngapi. HP inakuja mwisho kabisa, inajitokeza yenyewe kwenye hesabu. Ukianza na HP umeanzia mkiani.

Hiyo namba ya kwanza ina pande mbili, wewe unataka maji mangapi na kisima kinaweza kutoa mangapi, na kisima ndio chenye kauli ya mwisho. Upande wako ni rahisi, chukua karatasi. Kwa bamdogo tuliandika watu wanane kwa lita 80 kila mmoja kwa siku, hiyo 640. Ng'ombe sita, weka lita 40 kila mmoja, 240. Kuku 300 wa mayai, kuku mmoja anakunywa kama robo lita kwa siku, wote lita 75. Alafu bustani ya robo eka, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kabisa, kwa sababu nyumba na mifugo vyote havijafika hata lita 1,000 lakini bustani ya robo eka ni kama mita za mraba 1,000, na mboga kwenye jua la Dodoma ukizihesabia milimita 5 za maji kwa siku ni lita 5,000. Jumla inakaribia lita 6,000 kwa siku. Kwahiyo kama una mpango wa kulima, bustani ndio inayoamua kila kitu, nyumba ni kaziada kadogo.

Lita 6,000 kwa siku sio lita 6,000 kwa saa. Hapa ndipo pampu kubwa zinaponunuliwa bure. Ukiwa na tenki la lita 5,000 juu ya mnara, pampu inayotoa lita 2,000 kwa saa inamaliza kazi ya siku nzima kwa saa tatu, inaweza kufanya mbili asubuhi na moja jioni, na wewe ukifungua koki unapata maji ya tenki kwa kasi unayotaka. Kazi ya kukupa maji mengi kwa mara moja ni ya tenki, pampu yenyewe kazi yake ni kulijaza taratibu. Watu wanaochanganya hizi kazi mbili ndio wanaonunua HP 3 kwa ajili ya familia ya watu wanane.

Haya, upande wa kisima. Pale wachimbaji wanapopuliza na kompresa na kukwambia "kisima chako kina lita elfu nne kwa saa mzee", hiyo ni makadirio ya dakika chache za kelele na hewa, sio kipimo. Kipimo chenyewe ni kushusha pampu ya majaribio, kuvuta kwa kasi ileile masaa mengi bila kusimama, huku mtu anapima maji yameshuka mpaka wapi, alafu unazima na kupima yanapanda kwa muda gani. Miradi ya vijiji wanavuta saa 24 au zaidi, kwa kisima cha nyumbani usikubali chini ya masaa manne, sita ni bora. Hii huduma wachimbaji wengi wanayo, ila usipoiulizia haifanyiki kwa sababu inaongeza gharama na wewe umeshafurahi maji yameruka. Idai iandikwe kwenye mkataba kabla mashine haijaingia kiwanjani.

Baada ya ile mota kuungua ndio tukafanya hicho kipimo kwa bamdogo, na nitaeleza tulivyofanya maana hakuna kifaa cha ajabu. Kwanza kimo cha maji yakiwa yamelala, yaani kisima hakijaguswa tangu jana. Tulichukua kamba ya nailoni isiyovutika, tukaiwekea alama kila mita, mwishoni tukafunga kipande cha bomba la chuma urefu wa kiganja, juu kimezibwa chini kiko wazi. Ukikishusha taratibu kikigusa maji kinatoa sauti, "pwo", inasikika wazi kabisa hata toka mita 30 huko chini, unainua kidogo unashusha tena mpaka uwe na uhakika. Yalikuwa mita 32. Alafu tukashusha pampu ya majaribio, tukabana koki ya juu mpaka ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 26. Hesabu yake, 20 gawanya kwa 26 zidisha kwa 3,600, ni karibu lita 2,800 kwa saa. Tukavuta hivyo masaa sita. Nusu saa ya kwanza maji yalishuka haraka, kila tukisikiliza kamba imeongezeka, alafu yakaanza kupunguza kasi, na saa ya tano na ya sita yakatulia mita 56. Hapo kisima kimejisemea chenyewe, kwamba kwa lita 2,800 kwa saa najaza kwa kasi unayotoa, ila nitakuwa nimeshuka mita 24.

(Ili kamba ipite bila kunasa kwenye waya na bomba la pampu, shusha bomba dogo la plastiki la nusu inchi au robotatu pembeni ya bomba la maji, uache limefika chini kabisa karibu na pampu. Bei yake ni ndogo na utalishukuru miaka yote.)

Sasa rudi kwenye ile HP 3. Kwa kimo kile ilikuwa inavuta kama lita 6,000 kwa saa, yaani lita 100 kila dakika. Kesingi ya inchi tano inabeba kama lita 12 kwa kila mita moja ya maji. Kutoka mita 32 mpaka pampu ilipokuwa mita 72 ni mita 40, zidisha, unapata lita 490 tu, mapipa mawili na nusu. Kisima kisingeongeza hata tone, dakika tano kimekauka. Kwa vile kinaongeza kidogo zikafika kumi. Zile dakika kumi za furaha zilikuwa ni akiba iliyokuwa imesimama kwenye bomba, hazikuwa uwezo wa kisima. Na kila maji yakishuka ghafla vile, yanayoingia kutoka kwenye mipasuko ya mwamba yanakuja kwa kasi kubwa yanabeba mchanga, mchanga unakula feni, na pampu ikibaki bila maji inakosa cha kuipoza. Hizi mota za kuzama hazina feni ya hewa kama mota za juu, zinapozwa na maji yanayopita pembeni yake, maji yakikata joto linapanda mpaka waya za ndani zinaungua.

Usichukue yote kisima kilichotoa siku ya kipimo. Mafundi wazoefu wanachukua kama asilimia 60 mpaka 70, na sababu ziko wazi, masaa sita sio miezi sita, na kisima kinaweza kupimwa Mei baada ya mvua alafu kikatumika Oktoba. Dodoma hili ni jambo kubwa maana mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na chini ni mwamba wa kale mgumu ambao maji yanakaa kwenye mipasuko yake na kwenye tabaka la juu lililochakaa. Hilo tabaka haliwi sawa kila mahali, ndio maana jirani yako mita 200 tu toka kwako anaweza kuwa na kisima chenye maji mara tatu ya chako. Makutupora, kaskazini mwa mji, visima vinatoa maji mengi mpaka vimelisha mji wa Dodoma kwa miongo mingi, kwa sababu pale miamba imepasuka sana na bonde linakusanya maji. Ukiwa nje ya hapo usijipimie kwa Makutupora. Kwa bamdogo tulichukua lita 2,000 kwa saa, ambayo ni kama asilimia 71, na inatosha kabisa zile lita 6,000 za siku.

Twende kwenye namba ya pili, mita za kuinua. Hapa kosa la kwanza ni kuhesabu kutoka kwenye pampu. Watu wanasema pampu iko mita 72 kwahiyo inainua mita 72. Hapana. Maji yaliyopo juu ya pampu yanaisukuma pampu kwa uzito wao, kwahiyo pampu inainua kuanzia uso wa maji, popote ilipo yenyewe. Ukiishusha mita kumi zaidi kwenye kisima hichohicho haiongezewi mzigo, ukitoa msuguano kidogo wa bomba lililoongezeka. Na uso wa maji wa kuhesabu sio ule uliolala wa mita 32, ni ule wa wakati pampu inafanya kazi. Kwa lita 2,800 yalishuka mita 24, kwa lita 2,000 yatashuka kama 17, yaani mita 49, tukaongeza mita 6 za kiangazi, tukaandika 55.

Alafu unapanda juu. Kiwanja cha bamdogo kina mteremko, mnara wa tenki umekaa mahali ambapo ardhi iko mita 3 juu ya mdomo wa kisima, na bomba linaingia tenki likiwa mita 7 kutoka ardhini. Jumla 10. Hii ipime, usikadirie kwa macho, macho yanadanganya sana kwenye mteremko. Bomba la plastiki la mpira la wajenzi, lile wanalojaza maji kuchukua levo ya msingi, linatosha.

Kisha msuguano wa bomba, na hapa wacha nikae kidogo kwa sababu ndio wizi usioonekana. Maji yakipita kwenye bomba yanasuguana na kuta zake, na huo msuguano ni mzigo ule ule kama umeongeza urefu wa kuinua. Kwa lita 2,000 kwa saa kwenye bomba la plastiki jeusi la milimita 25, ambalo mtaani ni robotatu, kila mita 100 za bomba zinakula kama mita 18. Bomba la milimita 32, la inchi moja, zinakula kama 5 na nusu. La milimita 40, inchi moja na robo, hazifiki 2. Maji yaleyale, umbali uleule! Kwa bamdogo bomba lote kutoka kwenye pampu mpaka tenki ni kama mita 120, yale ya chuma yaliyotoka na mota mbovu hayakurudi, tukaweka la 40, tukahesabu mita 3 pamoja na viungo, kona na valvu. Angeweka robotatu ili aokoe hela ya bomba angepoteza zaidi ya mita 20, ni sawa na kuongeza mnara mwingine wa ghorofa saba juu ya ule wake, na angeilipia hiyo kwenye umeme wa LUKU kila mwezi maisha yake yote.

Ongeza mita 2 ili maji yakifika tenki yawe bado na nguvu ya kutoka. 55 na 10 na 3 na 2, mita 70. Kama ungekuwa unasukuma moja kwa moja kwenye mabomba ya nyumba bila tenki la juu, hapo mwisho ungeongeza presha unayotaka kwenye koki, na kila ba moja ya presha ni kama mita 10.

Basi tunatafuta pampu ya lita 2,000 kwa saa kwa mita 70. Hizi namba mbili ziandike kwenye karatasi, nenda nazo dukani, usitaje urefu wa kisima wala HP.

Dukani utakutana na boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kitu kama H max 105 m, Q max 3.6 m³/h. Naomba hapa unisome vizuri. Hizo namba mbili hazitokei kwa pamoja hata siku moja. Mita 105 ni pale pampu inasukuma lakini koki imefungwa, hakuna hata tone linalotoka. Lita 3,600 ni pale inamwaga hapohapo bila kuinua hata mita moja. Kazi yako iko katikati, na katikati haionekani kwenye boksi, iko kwenye mchoro au jedwali ndani ya kile kijitabu. Mchoro una mstari unaoanza juu kushoto na kuinama kwenda chini kulia, pembeni mita, chini maji kwa saa. Weka kidole kwenye mita 70, tembeza kulia mpaka ugonge mstari, shuka chini usome. Pampu yenye namba kama hizo za boksi kwa kawaida itakupa karibu lita 2,000 kwa mita 70, na itakuwa inafanya kazi katikati ya mstari wake ambapo ndipo inapopata raha na kudumu. Ukiona kidole kinagonga mwisho kabisa wa kulia au wa kushoto, rudisha hiyo, sio ya kwako. Muuzaji akisema kijitabu hakipo, duka lina majirani.

Na hii pia inajibu wale wanaosema "nitachukua yenye nguvu zaidi nijihakikishie". Pampu iliyotengenezwa kuinua mita 150 ukiipa mita 70 haikai kimya na nguvu yake ya ziada, inateleza kwenye mstari kwenda kulia, inatoa maji mengi zaidi kuliko ulivyopanga, na tumeshaona kisima kinafanya nini. Kama umeshainunua na huwezi kuirudisha, bana koki ya juu kidogo kidogo mpaka ndoo ijae kwa sekunde zako, hiyo inasaidia, ila usibane mpaka karibu kufunga maana maji yakipita kidogo sana mota haipozwi.

Sasa HP, ambayo wewe uliitaka mwanzo. Chukua maji kwa saa kwa maelfu ya lita, zidisha kwa mita, gawanya kwa 367, unapata kilowati ambazo maji yenyewe yanazihitaji. 2 mara 70 gawanya 367, ni 0.38. Pampu ndogo hizi za inchi nne zinapoteza zaidi kidogo ya nusu ya nguvu njiani, kwahiyo gawanya tena kwa 0.45, inakuja kama 0.85. Mota zinauzwa za kilowati 0.75 ambayo ni HP 1, alafu 1.1 ambayo ni HP 1.5. HP 1 itakuwa inahema, HP 1.5 iko sawa. Nusu ya ile ya mwanzo. Bamdogo aliponiona naandika moja nukta tano akaniambia "mwanangu, HP 3 imeshindwa na hii ndogo itaweza?" na nilimuelewa, kwa sababu kila mtu aliyemzunguka alikuwa anamwambia aongeze.

Kuna mambo mengine yanaweza kuua pampu iliyochaguliwa vizuri, la kwanza waya. Mota ya HP 1.5 ya fezi moja inakula kama ampea 8, na ukihesabu kutoka swichi mpaka chini kwenye pampu mita 100, umeme unaenda na kurudi, ni mita 200 za shaba. Waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza kama volti 19 njiani, wa 2.5 kama 12, wa 4 kama 7. Kwa umeme wa 230 uliokamilika wa 2.5 unavumilika, lakini kijijini mwisho wa laini jioni unaweza kukuta 200 tu, hapo nakushauri uweke wa 4 bila kujadili. Mota inapoanza inavuta mara nne mpaka sita ya ampea zake za kawaida, volti ikiwa chini inashindwa kuanza, inanguruma, inachemka. Kwa jenereta weka angalau mara tatu ya nguvu ya mota kwa sababu hiyohiyo. La pili, kinga ya ukavu, kile kifaa kinachozima pampu maji yakiisha, na floti ya kwenye tenki ili ikijaa izime yenyewe. Na pampu isikae chini kabisa kisimani, iache mita kadhaa za kutulia tope, wala isikae mbele ya kesingi yenye matundu, pale maji yanapoingilia. Kama maji yanaingia kutoka juu ya pampu tu, ivalishe bomba kubwa la plastiki kama shati ili maji yalazimike kupita pembeni ya mota kabla hayajavutwa.

Wanaotaka sola hesabu ni hiyohiyo, ila masaa yanabadilika. Jua la nguvu la kuhesabia ni kama masaa matano kwa siku, kwahiyo lita 6,000 unazigawa kwa tano, lita 1,200 kwa saa. Kisima kinapenda hivyo, kinavutwa polepole siku nzima hakishtuki. Kwa mita 70 paneli za wati 800 mpaka 1,000 zinafaa, na tenki liwe kubwa maana usiku hakuna kitu.

Wenye visima vifupi vya kuchimba kwa mikono, kama maji yako mita 5 au 6 unaweza kutumia pampu ya juu inayofyonza, lakini kumbuka kufyonza kuna mwisho. Hewa ndio inayosukuma maji kupanda kwenye bomba la kufyonzea, na hewa ya usawa wa bahari haiwezi kuyasukuma zaidi ya mita 10 hata pampu ingekuwa ya HP 20, na kwa vitendo mita 7 umeshafika. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, toa mita nyingine moja.

Na ndugu zangu wa pwani, Kigamboni, Mbezi Beach, Unguja, kwenu pampu kubwa ina ubaya ambao sisi wa bara hatuna. Maji matamu ya pwani yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo, na kanuni inayojulikana ni kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake. Ukivuta kwa fujo uso ukashuka mita moja, chumvi kutoka chini inaanza kupanda kujaza nafasi, na inapanda zaidi sana kuliko wewe ulivyoshusha. Mota inaweza isiungue, kisima kisikauke, lakini siku moja chai inakuja na ladha ya ajabu, na chumvi ikishaingia haitoki kwa kuzima pampu wiki mbili. Kwahiyo pwani pampu ndogo, masaa mengi, na usishushe pampu chini sana ukitafuta maji zaidi, onja na upime maji mara kwa mara.

Karatasi ya mchimbaji itunze, ile inayoonyesha urefu, kesingi yenye matundu imeanzia mita ngapi, maji yalipatikana wapi. Kama umenunua nyumba yenye kisima na karatasi haipo, uliza ofisi ya bodi ya maji ya bonde lako, Tanzania tunayo mabonde tisa, na kisima kilichochimbwa kwa kibali kinatakiwa kiwe na kumbukumbu zake huko.

Bamdogo ana ile HP 1.5 mwaka wa tatu sasa. Inawashwa saa kumi na mbili asubuhi, floti inaizima yenyewe. Kila tarehe moja, kabla haijawashwa, anatoka na kamba yake na daftari la kaunta, anashusha kile kipande cha bomba kwenye kijibomba cha pembeni, anainama anasikiliza, anaandika. Mei iliyopita aliandika 31 na nusu. Oktoba 37.